Kloni 13 na panya viziwi: jinsi protini moja ya kirusi inavyozima mbiu ya seli

Mwaka 1974, nchini Jamhuri ya Afrika ya Kati, mtu mmoja aliugua homa ya Bonde la Ufa, akapona. Kirusi kilichopatikana kwake kikahifadhiwa maabara kwa jina la 74HB59. Hapakuwa na la ajabu: wengi wanaougua homa hii hupona, na majokofu ya maabara za virusi yamejaa vichupa vyenye majina ya namna hiyo. La ajabu lilijitokeza baadaye, kichupa kilipochunguzwa kwa makini. Ndani yake hamkuwa na kirusi cha aina moja bali mchanganyiko, na katika mchanganyiko ule kulikuwa na kimoja kilichokuwa kimepoteza sehemu kubwa ya jeni yake moja na bado kinaishi.

Habari za jinsi virusi vinavyokwepa kinga ya seli kwa kawaida huandikwa kama orodha: protini hii hukata kile, protini ile hufunika hiki. Mara nyingi orodha hizo ni sahihi, ila msomaji anabaki hajui mambo hayo yalijulikanaje. Kwa hiyo nimechagua kisa kimoja, nikifuate tangu mwanzo. Katika kisa hiki, kazi ya protini ilijulikana kwa sababu protini yenyewe haikuwepo, na hoja kubwa kuliko zote imesimama juu ya jaribio moja la panya.

Ugonjwa na kirusi chake

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, na Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha maelezo yake mwaka 1931. Imelipuka mara nyingi tangu hapo: Misri mwaka 1977, Afrika Mashariki mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño zilipofurika, Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, kisha Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Hubebwa na mbu. Wafugaji huitambua kwa alama moja isiyosahaulika: kondoo wenye mimba hutupa mimba kundi zima kwa wakati mmoja, na wanakondoo wachanga hufa ndani ya siku chache. Kwa binadamu wengi huwa homa ya kupita. Kwa wachache ini huharibika, damu hutoka ovyo, ubongo huvimba, au macho hupoteza nuru.

Kirusi kinachofanya yote hayo kina vinasaba vichache mno. Ni RNA tupu, molekuli ya jamii ya DNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, katika vipande vitatu vinavyoitwa L, M na S, na ukivijumlisha vyote hupati zaidi ya herufi 12,000 hivi. Kipande S ndicho kifupi kabisa, herufi takriban 1,700, na kimebeba jeni mbili zinazosomwa kwa kuelekeana, kama watu wawili wanaoandika kwenye karatasi moja, mmoja akianzia juu na mwingine akianzia chini. Jeni moja hutoa protini N, inayoivika RNA ya kirusi. Nyingine hutoa NSs, na jina hilo kwa kirefu linamaanisha tu kwamba haihesabiwi katika muundo wa kirusi. Kwa miaka mingi NSs ilijulikana kuwa ipo, kazi yake haijulikani.

Doa la kumi na tatu

Ukitaka kujua kama kichupa cha virusi kina ukoo mmoja au mchanganyiko, unafanya hivi. Unazimua kirusi sana, unakimwaga juu ya seli zilizotanda chini ya sahani tabaka moja, kisha unamimina juu yake ute unaoganda ili virusi vitakavyozaliwa visiogelee mbali. Kirusi kimoja kikiingia seli moja, watoto wake wataweza kufikia seli za jirani tu. Baada ya siku chache unaweka rangi ambayo seli hai huifyonza. Sahani nzima inakolea isipokuwa mahali seli zilipokufa, ambapo panabaki doa tupu la mviringo. Kila doa ni ukoo wa kirusi mmoja. Unachoma ncha ya pipeti katikati ya doa, unavuta, unapanda upya kwenye sahani nyingine. Hiyo ndiyo kloni.

Kloni zilizotolewa kwenye 74HB59 zilipopimwa, ya 13 ilikuwa na kasoro. Baadhi ya kingamwili za kimaabara zilizowashika ndugu zake hazikuishika. Ilipodungwa kwa panya, panya hawakufa, na hilo kwa kirusi hiki ni jambo la kushangaza, kwa kuwa aina zake za kawaida huua panya kwa dozi ndogo sana. Tena panya wale walibaki na kinga imara dhidi ya kirusi kikali. Mwaka 1995 maelezo kamili yalichapishwa: kipande S cha Kloni 13 kimepungukiwa herufi 549, zote za katikati ya jeni ya NSs, yaani karibu asilimia 70 ya jeni hiyo. Kichwa na mkia wa jeni vimeungana bila kuvuruga mpangilio wa usomaji, hivyo seli bado hutengeneza kipisi cha protini. Kipisi hicho hakidumu. Seli hukisaga mara tu kinapotoka.

Hapa mtu mwenye pupa angefunga daftari: NSs imekatika, kirusi kimekuwa kipole, basi NSs ndiyo ukali wenyewe. Lakini mambo mawili kukutana si ushahidi kwamba moja limeleta lingine. Ukoo ule ungeweza kuwa na mabadiliko mengine kwenye L au M, na huenda upole ukatoka huko.

Bahati nzuri ni kwamba virusi vyenye vipande huchanganyika. Virusi viwili vikiingia seli moja, vipande vyao huchanganyika kama karata, na watoto huzaliwa wakiwa na L ya huyu na S ya yule. Watafiti waliiingiza Kloni 13 pamoja na ZH548, aina kali iliyotoka kwenye mlipuko wa Misri, wakachambua watoto mmoja mmoja. Matokeo yaliyotoka mwaka 2000 hayakuacha nafasi ya ubishi. Mtoto aliyerithi S ya Kloni 13 alikuwa mpole kwa panya hata akiwa na vipande vingine vya ZH548. Aliyerithi S ya ZH548 alikuwa mkali hata L na M zikiwa za Kloni 13.

Linabaki swali linalosahaulika kwa urahisi. Kama NSs ni ya thamani kiasi hicho, kirusi kisichokuwa nayo kiliishije hata kikaweza kutoboa doa kwenye sahani? Jibu limo katika seli tunazokuzia virusi. Maabara nyingi hutumia seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili, na seli hizi zimepoteza jeni zao za interferoni aina ya kwanza, protini ya kutahadharisha seli dhidi ya virusi nitakayoieleza punde. Kwenye sahani ya Vero kirusi kisicho na NSs hustawi sawasawa na chenye nayo. Mimi naona dokezo lilikuwa pale mezani tangu siku ya kwanza: kirusi kinachopoteza silaha bila kudhoofika huenda kinaishi mahali pasipo na adui wa silaha hiyo.

Mbiu ya mgambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa seli, mbiu hiyo ni interferoni, waliyoieleza Isaacs na Lindenmann huko London mwaka 1957. Walikuta kwamba seli zilizoguswa na virusi hutoa kitu kinachozifanya seli nyingine zisishikike.

Mbiu hailii yenyewe. Ndani ya seli kuna protini iitwayo RIG-I, kazi yake kukagua RNA. RNA za kawaida za seli, zinapotoka kwenye kiini kwenda kutumika, huwa zimevikwa kofia ya kikemikali kwenye ncha yake ya mwanzo. RNA za kirusi cha Bonde la Ufa zina fosfeti tatu zilizo wazi kwenye ncha hiyo. RIG-I huzishika, hubadili umbo, na kupitisha habari kwa MAVS, protini iliyokaa kwenye utando wa mitokondria. MAVS huamsha kimeng'enya TBK1, TBK1 huibandika fosfeti protini IRF3, na IRF3 huingia ndani ya kiini na kutua kwenye swichi ya jeni ya interferoni-beta, pamoja na wenzake NF-κB na AP-1. Jeni inawaka, interferoni inatengenezwa na kutoka nje.

Nje huko inanasa kwenye vipokezi vya seli jirani, na vya seli ileile iliyoitoa. Tuviite masikio. Seli iliyosikia mbiu huamsha mamia ya jeni: za kukata RNA ngeni, za kuzuia utengenezaji wa protini, za kuongeza RIG-I yenyewe ili ukaguzi uwe mkali zaidi. Seli ya kwanza mara nyingi hufa. Interferoni ni kwa faida ya majirani.

Kirusi kinaweza kuharibu mnyororo huu mahali popote, na virusi mbalimbali vimechagua pingili tofauti. Protini VP35 ya Ebola huifunika RNA ili RIG-I isiione. NS1 ya mafua hufanya mambo kadhaa, mojawapo ni kuizuia RIG-I isipewe alama ya ubikwitini inayoiamsha. Je, NSs ya Bonde la Ufa ilikuwa ikigusa mnyororo huu, na kama ndiyo, wapi?

Panya viziwi

Kabla ya kuuliza wapi, ilibidi kuthibitisha kwamba inaugusa. Ndipo linapokuja jaribio lililochapishwa mwaka 2001 na Michèle Bouloy na wenzake, na kwa maoni yangu ndilo moyo wa kisa kizima.

Walikuwa na aina mbili za panya. Wa kwanza walikuwa wa kawaida. Wa pili walikuwa wameondolewa jeni ya kipokezi cha interferoni aina ya kwanza, panya waliotengenezwa miaka michache nyuma kwa ajili ya tafiti kama hizi. Hawa wanaweza kupiga mbiu, ila hakuna seli inayoisikia. Nitawaita panya viziwi.

Kwa panya wa kawaida mambo yalikwenda kama yalivyotarajiwa, pamoja na nyongeza moja muhimu. Waliodungwa Kloni 13 walionekana na interferoni kwenye damu mapema, wakaishi. Waliodungwa ZH548 hawakuonyesha interferoni ya kupimika, wakafa. Kirusi kilichowaua ndicho kilichonyamazisha mbiu.

Kwa panya viziwi, Kloni 13 iliua.

Tafakari maana yake. Kama Kloni 13 ingekuwa tu kirusi dhaifu, kinachozaana polepole kwa kuwa sehemu yake imekatika, ingebaki dhaifu hata ndani ya panya viziwi. Mgonjwa hapati nguvu kwa sababu mlinzi amelala. Lakini aliyepokonywa ufunguo tu, siku mlango ukiachwa wazi, ataingia kama wenzake. Kloni 13 iliingia kama wenzake. Maana yake mashine yake ya kuzaana ilikuwa nzima. Kilichokosekana kilikuwa na kazi dhidi ya interferoni, na pasipo interferoni hakikuhitajika. Jaribio hili halikuonyesha NSs inafanya nini hasa, wala inashika protini gani. Lilionyesha inapigana na nani, na kila utafiti uliofuata ulijua pa kutafuta.

Uzi ndani ya kiini

Hapa kisa kinageuka. Kirusi cha Bonde la Ufa huzaana kwenye saitoplazimu. RNA yake hunakiliwa humo, protini zake hutengenezwa humo, na virusi vipya hutoka kwa kuchipua kwenye utando wa Golgi. Hakina shughuli yoyote kwenye kiini. Hata hivyo, tangu mwaka 1977 Swanepoel na Blackburn walikuwa wameonyesha vitu vya ajabu ndani ya viini vya seli zilizoambukizwa. Ukizichukua seli hizo, ukaziweka kingamwili ya NSs yenye rangi inayong'aa na kuzitazama kwa hadubini, unaona saitoplazimu ni giza au hafifu, na ndani ya kila kiini kuna uzi mnene, wakati mwingine mmoja tu, umekatiza kutoka ukingo hadi ukingo kama fimbo ndani ya mfuko. Uzi wote ni NSs zilizoshikamana. Kirusi kinachoishi sebuleni kimetuma mtu wake chumbani.

Utafiti wa mwaka 2004 ulieleza kwa nini. Watafiti walichunguza mnyororo wa mbiu pingili kwa pingili ndani ya seli zilizoingiwa na kirusi kikali. IRF3 ilikuwa imeamka. NF-κB na AP-1 pia. Habari zilikuwa zimefika kwenye kiini kama kawaida, na bado interferoni haikutengenezwa. Ni kama mjumbe aliyekimbia usiku kucha, akafika kwa mpiga mbiu, akakuta baragumu limeondolewa. NSs haizuii habari zisifike. Inazuia kiini kisitekeleze.

Mwaka huohuo, kwenye jarida la Cell, ilielezwa sehemu moja ya utekelezaji huo. Ili jeni yoyote ya protini inakiliwe kuwa RNA, seli inahitaji mtambo uitwao TFIIH, wenye visehemu kumi, ambao miongoni mwa kazi zake hufungua nyuzi mbili za DNA mahali unakili unapoanzia. Kisehemu kimoja kinaitwa p44, na hushikana na kingine kiitwacho XPD. NSs huishika p44 mahali palepale XPD ilipopaswa kushika, na huifungia ndani ya ule uzi pamoja na XPB, kisehemu kingine cha mtambo. Mtambo haukamiliki. Seli inaanza kukosa TFIIH, na unakili wa jeni kwa jumla unaporomoka. Baadaye ilionekana NSs pia husababisha kisehemu p62 kisagwe.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini peke yake hayatoshi, na nadhani waliofanya kazi hiyo walilijua hilo. Kuporomosha unakili wote wa seli huchukua muda, wakati interferoni-beta ni jeni ya haraka, inayowaka ndani ya saa chache za maambukizi. Kirusi kinachosubiri mtambo mzima udhoofike kitakuwa kimechelewa. Mbiu itakuwa imeshalia. Jambo jingine lililoleta mashaka ni kwamba jeni ya interferoni-beta ilikuwa kimya saa za mwanzo kabisa, huku jeni nyingine zikiendelea kunakiliwa bila tatizo.

Jibu lilitoka mwaka 2008, na linahusu protini ya seli iitwayo SAP30. Seli yenyewe ina makundi ya protini za kuzima jeni pale zisipohitajika, na SAP30 ni mshirika katika kundi mojawapo, lenye vimeng'enya vinavyobandua alama za asetili kutoka kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa. Alama zikibanduliwa, DNA hukazika na jeni hulala. Kwenye swichi ya interferoni-beta kuna protini YY1 inayoweza kusaidia kuwasha au kuzima, kutegemea imeshikana na nani. NSs huishika SAP30, na kupitia YY1 kundi lote la kuzima hubaki limekalia swichi ile. IRF3 inafika, lakini protini CBP, ambayo ingeweka alama za asetili na kuifungua jeni, haipati nafasi. Kikulacho ki nguoni mwako: kirusi hakikuleta kufuli lake, kimetumia kufuli la mwenye nyumba.

Ili kupima uzito wa jambo hilo, watafiti walitengeneza kirusi cha ZH548 chenye NSs iliyopungukiwa asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, za 210 hadi 230 tu, eneo linaloshika SAP30, kati ya 265 za protini nzima. Kirusi hicho kilishindwa kuizima interferoni-beta na kikawa kipole kwa panya. Mimi nalichukulia hili kama ushahidi mzito kwamba pambano linaamuliwa saa za mwanzo, kwenye swichi ile moja. Lakini tahadhari ni ya haki: ukikata asidi amino 21 kwenye protini ndogo namna hii, unaweza ukawa umeharibu zaidi ya ulichokusudia. Kukata si sawa na kufungua skrubu moja.

Kirusi pia kimejipanga kwa mwendo. Kwa sababu jeni ya NSs inasomwa kinyumenyume, ungetarajia kirusi kisubiri kwanza kinakili kipande S kizima ndipo NSs itengenezwe. Hakisubiri. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba chembe za kirusi huja zikiwa tayari na nakala kinyume za S, hivyo RNA ya NSs inaanza kutolewa mara baada ya kirusi kuingia. Kirusi chenye nafasi finyu kiasi hiki kukubali kubeba mzigo wa nakala ya ziada kunaonyesha dakika hizo za mwanzo zina thamani gani kwake.

Silaha zilizotengenezwa kabla ya vita

Kuna tundu moja ambalo kuzima jeni hakuwezi kuliziba. Baadhi ya walinzi wa seli wako kazini tangu kabla ya kirusi kufika. Mmoja ni PKR, kimeng'enya kinachoamka kikigusa RNA yenye nyuzi mbili, kisha kinaibandika fosfeti protini eIF2α. Hapo ribosomu, viwanda vya protini vya seli, hukosa namna ya kuanza kutengeneza protini mpya, za seli na za kirusi pia. Seli inagoma kula ili mgeni afe njaa. Unaweza kuzima kiini chote, PKR iliyokwisha kuwepo itaendelea na kazi.

NSs inamshughulikia PKR kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti, kila moja peke yake, yalionyesha kwamba kwenye seli zenye NSs PKR hutoweka, na ukiizuia proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, PKR hubaki. Miaka iliyofuata ilionekana namna inavyofanyika: NSs huziunganisha protini za seli zinazochagua takataka za kusagwa na shabaha zisizo zao. Kwa PKR hutumia FBXW11 na β-TRCP1. Kwa p62 ya TFIIH hutumia nyingine, FBXO3. Protini moja ya asidi amino 265 inakwenda kwa madalali watatu tofauti, na kwa kila mmoja inaonyesha kwa kidole: huyu, mbebe.

Tukirudi kwenye Kloni 13, sasa tunajua haikupungukiwa kitu kimoja. Kwa kupoteza herufi 549 ilipoteza kizuizi cha swichi ya interferoni, kivunja-mtambo cha TFIIH na msaga-PKR kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo sikubaliani na maandishi yanayoitaja NSs kuwa "kizuizi cha interferoni" na kuishia hapo. Jaribio la panya viziwi lilithibitisha kwamba njia zote hizi hatimaye zina maana mbele ya interferoni, kwani hata PKR huongezwa na interferoni. Halikusema njia ni moja.

Jamaa wa kirusi hiki nao wana protini zinazoitwa NSs, na jina linaweza kumpotosha mtu. NSs ya kirusi cha Toscana, kinachobebwa na visubi katika nchi za Mediterania, huisagisha RIG-I yenyewe. NSs ya kirusi cha SFTS, kilichoelezwa China mwaka 2011 na kubebwa na kupe, haiendi kwenye kiini kabisa; hujenga vijifuko kwenye saitoplazimu na kuifungia TBK1 humo. Jeni imekaa mahali palepale pa kipande S, jina ni lilelile, adui ni yuleyule, lakini kila mmoja ameshika pingili yake. Kwa hiyo usichukue matokeo ya NSs moja ukayavisha nyingine.

Kutoka kichupa hadi zizini

Kirusi kinachozaana, kinachoamsha interferoni nyingi na mapema, kinachoacha kinga imara bila kuua: ukimwambia daktari wa mifugo sifa hizo, atakwambia umeeleza chanjo. Chanjo hai ya zamani ya ugonjwa huu, ya Smithburn, ilitokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu nchini Uganda mwaka 1944 na kudhoofishwa kwa kupitishwa tena na tena kwenye ubongo wa panya. Ilikinga vizuri, lakini iliweza kusababisha kondoo kutupa mimba. Kloni 13 ilikuwa na faida ambayo kirusi kilichodhoofishwa kwa herufi moja moja hakina: herufi 549 hazirudi zenyewe. Inaweza tu kuazima kipande S kizima kutoka kwa kirusi kikali ikikutana nacho ndani ya seli moja, na penye kirusi kikali tayari, madhara yalikwisha kuingia. Chanjo ya Kloni 13 ikasajiliwa Afrika Kusini mwaka 2010.

Majaribio ya mwanzo kwa kondoo wenye mimba yalitoa matumaini. Kisha mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililowadunga kondoo wenye mimba changa dozi kubwa kuliko ya kawaida, kwa makusudi ya kupima usalama. Kirusi kilivuka kondo la nyuma. Vijusi viliambukizwa, baadhi vikawa na kasoro za maumbile, wengine wakazaliwa wafu. Pendekezo likawa chanjo isitumike katika theluthi ya kwanza ya mimba. Kloni 13 bado haikuwa na NSs, na haikuwa imepata kitu chochote kipya. Ilikuwa imefika tu kwenye mwili mchanga ambao haukuidhibiti kama mwili wa mama ulivyoidhibiti, kwa maana kondoo majike wenyewe walikuwa wamesimama wazima, wanakula.